Mwitu, Shoka na Hewa ya Ukaa: Tarehe ya Mashamba ya Tanganyika

Mtu akiulizwa ni wapi ilikotoka hewa ya ukaa iliyozidi angani, aghalabu fikira zake hukimbilia mabomba ya viwanda vya Ulaya, magarimoshi, meli, na mitambo ya umeme inayokula makaa ya mawe usiku na mchana. Na kwa Uingereza, Ujerumani na Marekani fikira hizo ni za haki. Lakini Tanganyika, ambayo baadaye iliungana na Zanzibar ikawa Tanzania, haikupata kuwa nchi ya mabomba marefu. Hata leo, yakikusanywa mafuta yote, gesi yote na makaa yote ya mawe yanayoungua nchini kwa mwaka mmoja, na moshi wake ukagawanywa kwa idadi ya watu, fungu la kila mtu ni takriban robo ya tani ya hewa hiyo, ilhali wastani wa dunia unakaribia tani tano. Deni letu kwa anga, kwa kadiri tulivyo na deni, lilitokana na shoka, moto na jembe. Wala halikuandikwa katika daftari la kiwanda chochote, bali limetawanyika katika habari za njaa na vita, maradhi ya mifugo, amri za serikali na kuhama kwa watu. Kwa hiyo anayetaka kujua mwendo wa hewa ya ukaa iliyotoka mashambani mwetu hana budi kuwa kwanza mwanafunzi wa tarehe. Na tarehe hiyo, nionavyo mimi, ina jambo moja zito kuliko mengine yote: kwa muda wa karibu miaka mia mwitu ulirudi kila watu walipoangamia, na ulikatwa kila waliposalimika, mpaka ulipofika wakati, na mahali panapojulikana, ambapo watu waliongezeka na mwitu ukarudi pamoja nao.

Kabla ya kuingia katika habari yenyewe yafaa kueleza kwa ufupi jinsi shamba linavyotoa hewa hii. Takriban nusu ya uzito wa mti uliokauka ni kaboni, ambayo mti uliivuta kutoka hewani kwa majani yake mwaka baada ya mwaka. Na mti huo ukiungua au ukioza, kila tani ya kaboni iliyokuwamo hurudi angani ikiwa tani tatu na theluthi mbili hivi za hewa ya ukaa, kwa kuwa hujiunga na oksijeni njiani. Udongo nao una hazina yake. Majani yaliyooza, mizizi iliyokufa na mabaki ya wadudu hukaa ardhini kwa karne nyingi, na ndiyo yanayoupa udongo wa mwitu weusi na ulaini wake; lakini jembe likiupindua na jua likauchoma, viumbe wadogo wasioonekana kwa macho huila hazina hiyo upesi, hata katika miongo michache ya kilimo robo mpaka nusu ya kaboni iliyokuwa katika tabaka la juu huwa imetoweka. Moshi wa majani makavu yanayochomwa kila kiangazi ni jambo jingine, ingawa ndio unaoonekana sana na ndio uliolaumiwa sana: majani yaliyoungua Agosti huota tena Desemba, na katika kuota huivuta ile ile hewa yaliyoitoa, hata hesabu ya mwaka ikawa sawasawa kwa upande wa hewa ya ukaa. Hasara ya kweli ni mti usiorudi na udongo usiopumzishwa.

Wakulima wa zamani waliijua hasara hii kwa dalili zake, japokuwa hawakuwa na mizani ya kupimia hewa. Katika nchi ya miyombo, inayoenea kutoka Tabora na Katavi hata Ruvuma na Lindi, mkulima alifyeka, akachoma, akalima mtama, uwele au wimbi kwa miaka michache, kisha alipoona mavuno yanapungua na magugu yanazidi, aliliacha shamba akahamia jingine. Na lile la kwanza, likiachwa miaka ishirini au zaidi, liliota tena mtundu na mninga. Maadamu watu walikuwa wachache na ardhi ni kubwa, kilimo hiki kilikopa kutoka mwituni na kulipa. Wengine walikuwa na hekima ya namna nyingine. Wamatengo wa milima ya Mbinga, waliobanwa katika miinuko mikali wakati wa mashambulio ya Wangoni katika karne ya kumi na tisa, hawakuwa na nafasi ya kuhama. Wakawa wanakata majani, wanayapanga chini kwa mistari inayokingamana ikifanya miraba, kisha wanayafukia kwa udongo unaotolewa katikati, hata mlima mzima ukajaa mashimo na matuta wayaitayo ngoro. Majani yaliozea ndani ya tuta badala ya kuungua juu yake, mvua ikatuama mashimoni badala ya kuchukua udongo bondeni, na mashamba hayo yanalimwa hata sasa. Wataalamu wengi wamekwenda Mbinga kuyatazama, na sioni ajabu, kwa maana mambo wanayoyahubiri leo juu ya kutunza kaboni ya udongo yalikuwa yakitendwa huko kabla ya Mjerumani kuonekana.

Mwaka 1858 John Hanning Speke alipotoka Kazeh, palipo Tabora ya leo, akaelekea kaskazini hata kulifikia ziwa kubwa, alipita katika nchi ya vijiji, ng'ombe na mashamba. Mifugo na jembe vilikuwa vimeuzuia mwitu, na mbung'o, anayependa kivuli cha vichaka, alikaa mbali na watu. Mizani hiyo ilivunjika kwa ghafla. Mnamo 1890 na 1891 sotoka ilishuka kutoka kaskazini, ikaua ng'ombe kwa malaki katika nchi za Wamasai, Wagogo, Wasukuma na wengineo. Oscar Baumann, aliyesafiri katika Umasai mara baada ya hapo, aliwakuta watu waliobaki mifupa na ngozi wakiokota chochote kiliwacho. Nyuma ya sotoka ilikuja ndui, kisha funza, aliyevuka bara zima kutoka pwani ya magharibi, na katikati ya misiba hiyo dola ya Wajerumani ilikuwa ikiiteka nchi kwa bunduki. Vita vya Maji Maji vya 1905 hata 1907 vilizidi kuiangamiza kusini, kwa sababu majeshi ya serikali yalichoma vijiji, maghala na mashamba kwa makusudi ili njaa iwashinde wale ambao risasi haikuwashinda. Wajerumani wenyewe walihesabu wafu elfu sabini na tano. Mwanahistoria Gwassa, aliyekusanya habari kwa wazee wa kusini, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Haukupita muongo ikaja vita kuu ya 1914, ambayo iliwachukua wanaume kwa maelfu kuwa wapagazi na chakula chao kikachukuliwa kulisha majeshi, na baada yake ikafuata katika Ugogo njaa ile waliyoiita Mtunya.

Yaliyotokea ardhini baada ya misiba hiyo yalielezwa vizuri na John Ford, aliyeutumia umri wake kumchunguza mbung'o, na Helge Kjekshus, mwanachuoni kutoka Norway, katika vitabu vilivyotoka 1971 na 1977. Palipokuwa na malisho pakaota vichaka, palipokuwa na mashamba pakaota miti, na mbung'o akaingia na mwitu uliomkaribisha, akazuia ng'ombe wasirudi hata pale ambapo watu walitamani kurudi. Katika sehemu za kusini-mashariki, mahame ya vijiji vya Maji Maji yakawa makao ya tembo, na hifadhi ya wanyama ya Selous ilipopanuliwa baadaye ilichukua ardhi iliyokuwa na wenyewe. Wanahistoria wamebishana juu ya idadi ya waliokufa na ukubwa wa mwitu uliorudi, lakini juu ya mwelekeo hapana ubishi mkubwa. Basi lau angalikuwapo wakati huo karani wa hewa ya ukaa, angaliandika kwamba mashamba ya Tanganyika kati ya 1890 na 1920 hayakutoa tu hewa chache, bali nchi ilivuta na kuihifadhi katika miti michanga. Na hesabu yake ingalikuwa sahihi, na ingalikuwa ya kutisha, kwa sababu kila tani iliyohifadhiwa ilisimama juu ya makaburi. Nalisema hili kwa uzito, kwa kuwa siku hizi wapo wanaozitazama ramani za misitu ya Afrika wakadhani kila penye miti mingi pana baraka, na kila penye mashamba pana uharibifu.

Juu ya mashamba makubwa ya wageni nitapita upesi. Katika Usambara ya Mashariki Wajerumani walikata msitu mzuri sana wa mvua ili wapande kahawa, na kahawa haikustawi kwa muda mrefu, kwa sababu rutuba waliyoiona ilikuwa ya msitu wala si ya udongo. Mkonge, ambao Dokta Richard Hindorf aliuleta kutoka Florida mwaka 1893, ukafika miche 62 tu iliyo hai, ulikubali ardhi ya Tanga na Morogoro, ukaenea katika bonde la Pangani na kandokando ya reli, hata Tanganyika ikawa ya kwanza duniani. Na katikati ya miaka ya 1960 mavuno yalipita tani 200,000 kwa mwaka. Mwitu uliofyekwa kwa ajili yake ulikuwa mwingi, na mkonge wenyewe, licha ya kuwa mmea wa miaka mingi, haukuweza kuishika kaboni iliyoshikwa na miti iliyoondolewa. Walakini mkonge ulikaa mahali pamoja. Habari iliyobadilisha sura ya nchi ilianzia kwingine, katika tambarare za Usukuma.

Waingereza walipoichukua nchi walimkuta mbung'o akisonga mbele kila mwaka na kuwabana Wasukuma na ng'ombe wao katika eneo lililozidi kuwa dogo. Charles Swynnerton, aliyekuwa kwanza mkuu wa idara ya wanyama wa pori kisha mkuu wa uchunguzi wa mbung'o huko Shinyanga, aliamini kwamba adui huyu atashindwa kwa kunyimwa kivuli. Tangu miaka ya 1920 watemi wa Usukuma, kwa kuafikiana naye, waliwaita watu wao kwa maelfu kila kiangazi, wakaenda na mashoka, wakakata migunga na vichaka pande zote za vijiji, na baada yao wakaja wakulima na ng'ombe ambao kazi yao ilikuwa kuuzuia mwitu usirudi. Alijaribu pia moto: majani yalindwe yasiungue mapema, yaachwe yakauke kabisa, kisha yawashwe mwishoni mwa kiangazi kwa pamoja ili moto uwe mkali wa kuunguza hata vichaka. Alikufa katika ajali ya ndege mwaka 1938, na jamii moja ya mbung'o imeitwa na wataalamu kwa jina lake hata leo.

Siwezi kuwalaumu watemi wala watu wao, na anayewalaumu hajafikiri ugonjwa wa malale uletwao na mbung'o ni nini, wala nchi isiyokuwa na maziwa ni nchi gani. Ng'ombe walirudi, watoto wakapata maziwa, watu wakaongezeka. Mradi huu ulitimiza ulilokusudiwa, jambo ambalo haliwezi kusemwa juu ya miradi mingi ya wakati ule. Ila gharama yake ilikuwa haijaonekana. Baada ya mbung'o kuondoka ilikuja pamba, ikahimizwa na serikali, na baadaye ikabebwa na vyama vya ushirika vya wakulima chini ya uongozi wa Paul Bomani, vilivyoungana mwaka 1955 na kuwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika katika Afrika. Fedha ya pamba ilinunua ng'ombe na majembe ya plau, na plau ililima eka ambazo jembe la mkono halikuweza kuzifikia. Miti iliyosalia ikageuka kuni na nguzo za mazizi. Hata ilipofika wakati kuni zimekwisha, wanawake wa sehemu nyingi za Shinyanga walipikia mabua ya pamba na mavi makavu ya ng'ombe, na samadi ambayo ingalirudi shambani kuulisha udongo ikaishia jikoni. Hivyo kaboni ikatoka mara mbili, kwanza katika mti, kisha katika udongo, na jambo la pili lilikuwa baya kuliko la kwanza kwa sababu halikuonekana.

Wakati Wasukuma wakifyeka kwa mashoka, serikali ya Uingereza iliamua kufyeka kwa mitambo. Baada ya vita vya pili Waingereza walikuwa hawana mafuta ya kutosha ya kupikia, na mwaka 1946 Frank Samuel, mkubwa wa kampuni ya United Africa, alitoa rai kwamba karanga zilimwe katika Afrika ya Mashariki kwa mitambo mikubwa. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyekuwa mkuu wa kilimo Tanganyika, ulizunguka nchi kwa wiki tisa, ukarudi na taarifa ya matumaini: eka 3,210,000 zingeweza kufyekwa, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika, katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Waziri John Strachey akaitetea bungeni, na mwaka 1947 mitambo ya kwanza ikafika Kongwa, mingi ikiwa ni masalio ya vita iliyookotwa Asia na kwingineko, ikiwa imechakaa kabla ya kuanza kazi. Vifaru vya kivita viligeuzwa matrekta. Baadaye matingatinga mawili yalifungwa mnyororo mnene wa nanga ya meli, yakaenda sambamba, na kila kilichosimama katikati yao kikalala chini. Kisha magogo yalisukumwa yakawekwa kwa mistari mirefu na kutiwa moto. Mibuyu, ambayo umri wake ni wa karne nyingi, ilikaidi. Mizizi ya vichaka vya Kongwa, iliyosukana chini ya ardhi, iliyavunja majembe ya chuma. Na udongo ule, wenye mfinyanzi mwingi, mvua ilipokatika uligeuka mgumu kama sakafu ya saruji, karanga zikabaki ndani hazichimbiki.

Mwaka wa kwanza walitaraji eka 150,000. Zilizopandwa hazikufika 10,000. Bandari ilijengwa Mtwara na reli ikatandazwa kwenda Nachingwea kusafirisha shehena ambayo haikuja. Mwezi wa Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mradi, na hasara iliyofutwa katika vitabu ilikuwa takriban pauni milioni 36. Vitabu na magazeti vimeandika sana juu ya fedha hizo. Mimi nasikitika zaidi juu ya kitu ambacho hakikuingia katika daftari lo lote: miti ya maelfu kwa maelfu ya eka iliyochomwa, na udongo ulioachwa wazi kwa jua na upepo, bila ya hata mji mmoja kushiba kwa ajili yake. Mkulima wa Usukuma alipotoa hewa ya ukaa alipata pamba na maziwa. Kongwa hewa ilitoka bure. Na wazee wa Ugogo, ambao nchi yao ilikuwa imeona Mtunya miaka isiyofika thelathini kabla ya hapo, walijua vema tabia ya mvua za Kongwa, ila elimu yao haikupewa nafasi katika mipango iliyotengenezwa London.

Baada ya uhuru mwendo wa kufyeka haukupungua, wala haukutazamiwa kupungua, maana nchi ilikuwa na watu milioni 12.3 kwa sensa ya 1967 na wote walihitaji chakula, shule na zahanati. Mwezi wa Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na kufikia 1976 ilihesabiwa kuwa watu milioni 13 wamo vijijini. Nia ya vijiji ilikuwa njema, nami ni katika wanaoamini hivyo. Lakini nyumba zilipokusanywa pamoja, ardhi ya karibu ililimwa mfululizo bila ya kupumzishwa, na ile ya mbali, iliyokuwa na miti ya urithi wa ukoo, ikakosa macho ya kuilinda. Urambo, mahali karanga zilipofia, palistawi tumbaku, na tumbaku ya kukaushwa kwa hewa ya moto huingia katika mabani ambayo moto wake hauzimwi kwa siku kadhaa, unakokwa kwa magogo ya miyombo. Hivyo kila eka ya tumbaku huwa na eka nyingine ya mwitu nyuma yake, isiyotajwa katika bei ya mnadani.

Kufikia miaka ya 1980 Shinyanga ilikuwa imepewa jina la jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa kifupi kama HASHI, kwa msaada wa Norway na baadaye kwa kushirikiana na kituo cha utafiti wa kilimo-mseto kilichoko Nairobi. Maafisa walianza kama maafisa wanavyoanza, kwa vitalu na miche ya kigeni ya kugawia watu, na watu waliipokea bila ya shauku kubwa. Kisha wakafanya jambo ambalo ujumbe wa Wakefield haukulifanya: wakauliza. Wakaambiwa habari za ngitili. Tangu zamani Msukuma mwenye ng'ombe alitenga kipande cha ardhi, akakifunga mvua zilipoanza, asiruhusu mnyama kuingia humo mpaka kiangazi kilipokolea na malisho mengine kuisha. Ndipo ndama, maksai na ng'ombe wanaonyonyesha wakafunguliwa kula majani yaliyosimama. Majani ndiyo yaliyotakiwa, lakini ardhi ikiachwa hivyo, visiki na mizizi iliyolala tangu enzi za mashoka ya Swynnerton huchipua, na migunga ikarudi yenyewe bila ya kitalu wala mche. Uchumi wa pamba na operesheni ya vijiji vilikuwa vimeidhoofisha desturi hiyo, hata mwaka 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa kiasi cha hekta 600 tu.

Mradi ukajiweka nyuma ya desturi. Dagashida, baraza la jadi la Wasukuma, ndilo lililopanga mipaka na faini, na sungusungu, walinzi wa vijiji, wakalinda; vijiji vikatunga sheria ndogo, shule na makanisa yakatenga ngitili zake, na familia moja moja zikafunga eka chache chache karibu na nyumba. Katika vijiji zaidi ya 800 vya mkoa ule kama ulivyokuwa wakati huo, kufikia mwanzo wa miaka ya 2000 ngitili zilikuwa zimepita hekta 300,000. Mwanamke aliyekuwa akitembea saa nyingi kutafuta kuni alizipata karibu. Dawa za mizizi, asali, matunda ya porini na nguzo vilirudi. Na mwaka 2002 kazi hiyo ilipewa tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Jambo ninalotaka lishikwe ni hili: mwaka 1988 mkoa wa Shinyanga ulikuwa na watu wasiofika milioni mbili, na katika sensa ya 2002 walikuwa milioni 2.8. Mwitu ulirudi huku watu wakizidi na ng'ombe wakizidi. Kwa mara ya kwanza tangu sotoka, ardhi ya Tanganyika ilivuta hewa ya ukaa kwa wingi na hapakuwa na msiba uliosababisha, bali mashauri ya watu wazima walioketi barazani wakakubaliana.

Haikuwa kazi isiyo na dosari. Mwenye ng'ombe wengi alipata faida kuliko asiye na ng'ombe, na pengine ardhi ya wote ilifungwa na mtu mmoja kwa jina la ngitili. Wala haikuizuia nchi nzima. Vijana wa Usukuma waliokosa ardhi walihama na ng'ombe zao kusini na magharibi, wakaenda Rukwa, Katavi, Usangu, Kilombero, hata Lindi, na huko wakafyeka miyombo kwa mahindi, mpunga na ufuta, kama babu zao walivyofyeka migunga. Uchunguzi wa misitu uliotolewa mwaka 2015 ulikuta Tanzania Bara ina hekta milioni 48.1 za misitu na mapori, ikipoteza hekta 372,816 kila mwaka. Hesabu iliyofuata, iliyopelekwa Umoja wa Mataifa, ilipandisha hasara ya miaka ya 2002 hata 2013 kuwa hekta 469,420 kwa mwaka. Sensa ya 2022 imetukuta tu watu milioni 61.7. Mashamba ndiyo yaliyochukua sehemu kubwa ya misitu hiyo, ingawa makaa ya kupikia ya Dar es Salaam hulaumiwa zaidi kwa sababu magunia yake huonekana barabarani.

Hapa pana jambo la makarani ambalo lina maana kuliko linavyoonekana. Tangu mkataba wa Rio wa 1992, kila nchi huandika taarifa ya hewa zake kwa mafungu, na katika fungu liitwalo kilimo huingia zaidi methani ya ng'ombe na mpunga, na oksidi ya naitrojeni ya mbolea na samadi. Hewa ya ukaa humo ni kidogo sana, ya chokaa na mbolea ya yurea. Mti uliokatwa ili shamba lipatikane huandikwa katika fungu jingine, la matumizi ya ardhi. Hivyo msomaji anayefungua taarifa kutafuta hewa ya ukaa ya kilimo hukuta tarakimu ndogo akafurahi, kumbe moshi wa shamba umeandikwa ukurasa mwingine bila ya jina la mkulima, na hazina ya udongo inayopungua kimya kimya hupimwa kwa makisio zaidi kuliko kwa mizani. Tarehe ya Usukuma haikubali kukatwa vipande hivyo, kwa kuwa ng'ombe, pamba, migunga na udongo vilipanda na kushuka pamoja.

Tangu muongo wa 2010 biashara ya kaboni imeingia nchini. Wahadza wa bonde la Yaeda wanalipwa kwa kuilinda miti yao, na katika wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi vijiji vinane vinavyoizunguka milima ya Ntakata vimejenga zahanati na madarasa kwa fedha zinazotoka kwa makampuni ya mbali yanayotaka kufidia moshi wao. Katavi ni kule kule ambako wafugaji na wakulima wa Usukuma wamehamia kwa wingi, na fedha hizo zinagawiwa kwa sababu mwitu wa huko ulikuwa haujakatwa bado. Watu wa Shinyanga, ambao mwitu wao ulikuwa umekatwa nao wakaurudisha kwa faini za dagashida na ulinzi wa sungusungu, waliifanya kazi hiyo miaka kumi na mitano na zaidi kabla ya soko hilo kufika, wala hawakuwa wakihesabu tani. Walitaka majani ya ndama na kuni za karibu, na hayo ndiyo waliyolipwa.